Mtamba wa Mzee Swalehe na Meseji ya Saa Saba

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya fisi kuvaa kanzu. Ni zamani ya juzi tu, zamani ya simu za vitufe, zile zenye tochi kichwani, ambazo ukizichaji Jumatatu zinakufikisha Jumatatu. Sogeeni. Kisa hiki kina watu watatu na mtamba mmoja, na mwisho wake nitawauliza swali. Sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Palikuwa na mto uitwao Tungufu. Masika Tungufu ulinguruma. Kiangazi Tungufu ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira. Juu, milimani, palikuwa na kijiji cha Irangwe. Chini, bondeni, palikuwa na kijiji cha Sakami. Kutoka Irangwe hadi Sakami mtu mwenye miguu mizuri alitembea kutwa nzima. Maji ya Tungufu yalitembea saa moja.

Saa moja! Shikeni hapo.

Mwaka mmoja Tungufu ulishuka bila hodi, ukabeba mbuzi wa watu na nyumba nne. Ndipo wataalamu wa maji walipokuja. Walisimika chuma kirefu mtoni kule Irangwe, wakakipaka rangi nyekundu na nyeupe, wakakiandika namba toka chini hadi juu. Kisha wakauliza, "Nani hapa anajua kusoma, ana simu, na hachoki?"

Watu wa Irangwe wakasema kwa kinywa kimoja, "Bi Mwajabu."

Bi Mwajabu alikuwa mjane wa makamo, mwenye maneno machache na jembe zito. Kazi yake ikawa hii. Saa kumi na mbili asubuhi anashuka mtoni, anasoma namba, anaituma. Saa kumi na mbili jioni anashuka mtoni, anasoma namba, anaituma. Ujumbe wake ulikuwa mfupi kuliko salamu: TUNGUFU, halafu namba. Ujumbe huo uliingia kwenye mashine moja kule wilayani. Mashine haikulala, haikula, haikujua Jumamosi wala sikukuu. Namba ikiwa ndogo, mashine ilinyamaza. Namba ikiwa kubwa, mashine ilimtumia meseji kila mtu wa bondeni aliyeandikisha simu yake, wote kwa mkupuo mmoja, kabla hujapiga chafya ya pili.

Na watu wa Sakami waliandikisha simu zao. Masika meseji ikija, walihamisha mbuzi, walirudisha watoto, walikaa juu wakiangalia maji yakipita. Waliizoea kama walivyozoea adhana. Lakini ilikuwa meseji ya masika. Kiangazi nani anangoja habari za maji?

Basi, ikafika Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi wa tano. Mvua zilikuwa zimeshaaga. Uwele ulikuwa umevunwa. Na Mzee Swalehe wa Sakami alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, Raihana.

Mzee Swalehe hakuwa mtu wa mambo madogo. Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini, na karamu akaiandaa mtoni, juu ya mchanga, chini ya vivuli vya migunga. Msishangae. Sakami yote ni mteremko, hata uwanja wa shule. Ukiweka sahani mezani, inakwenda kumsalimia jirani. Mahali pa kukalisha watu mia tatu palikuwa pamoja tu, mchangani. Babu zao walioana pale, baba zao walioana pale. Mahema yakafungwa, viti vikapangwa, jenereta likawashwa, spika mbili kubwa kama makabati zikasimamishwa. Mshereheshaji aliletwa kutoka mjini, kijana mwenye miwani myeusi aitwaye Kibwe, ambaye akishika kipaza sauti hakiachi mpaka kipate joto.

Jua linawaka, mchanga mkavu, na mbingu haina hata kipande cha wingu.

Mpishi alikuwa Dossa. Dossa! Mwili wake mlango, sauti yake ng'ombe dume. Alikuwa na masufuria sita ya pilau, kila moja linabebwa na watu wawili kwa mti. Aliwaambia wasaidizi wake, "Leo mtu akila pilau hii halafu akasema ni nzuri, mkataeni. Aseme ni nini nyingine. Nzuri ni neno la maharage."

Na pale kwenye hema la bibi harusi alikuwapo fundi cherehani, Hidaya, msichana wa miaka kama ishirini na minane. Gauni la Raihana alilishona yeye, na alikuja na sindano yake ili pakichanika mahali ashone papo hapo. Hidaya hakuwa anasikia. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa, homa ikaondoka na masikio yake. Kusema alisema, lakini sauti yake ilitoka imepinda, na watu wengine walicheka, kwa hiyo aliona heri kuandika. Wateja wake walimwandikia meseji: "Fundi, sketi tayari?" Naye alijibu: "Njoo alasiri." Simu yake aliifunga kwenye fundo la kanga, kiunoni, ikigusa ngozi. Ikitetemeka tu, anajua.

Sasa tuwaache wa Sakami wakicheza. Tupande Irangwe.

Irangwe siku ile Bi Mwajabu aliamka, akashuka mtoni, akasoma. Sifuri. Mchanga mtupu. Akatuma TUNGUFU 0, akarudi nyumbani. Kazi yake imekwisha mpaka jioni. Akatandaza uwele wake uani ukauke. Uwele wa mwaka mzima, wote, mikeka mitano imejaa.

Saa sita na nusu wingu likatokea nyuma ya mlima. Halikuja kwa hatua, lilikuja kwa mbio. Jirani yake, mama Ashura, akapiga kelele juu ya ua, "Mwajabu! Anua uwele! Mvua!"

Bi Mwajabu akashika mkeka wa kwanza. Akasimama. Kule mlimani mvua ilikuwa imeshaanza, na haikunyesha kama mvua, ilimwagika kama mtu aliyepindua pipa. Akasikia mto. Akajua sauti ile.

"Mwajabu, umesimama nini? Uwele!"

"Mto unashuka," akasema Bi Mwajabu.

"Mto una saa yake ya kusomwa, saa kumi na mbili. Uwele saa yake ni hii!"

Bi Mwajabu akauweka mkeka chini. Akachukua simu, akaifunga ndani ya mfuko wa sukari isilowe, akakimbia.

Alipofika mtoni, mchanga haukuwapo tena. Maji yalikuwa yanapanda zile namba za chuma kama mtu anayepanda ngazi. Mita moja. Mbili. Mita mbili na nusu. Akasimama juu ya jiwe, mvua inampiga usoni, akasoma mita tatu na nusu. Akaandika TUNGUFU 350. Akatuma.

Simu ikasema: Ujumbe haujatumwa.

Akatuma tena. Ujumbe haujatumwa.

Mvua ilikuwa imekula mtandao. Irangwe pana mahali pamoja tu ambapo mtandao haukosekani, juu ya kilima cha shule, na kilima kile hata mbuzi hukipanda wakinung'unika. Bi Mwajabu akakipanda kwa magoti na mikono. Alianguka mara mbili. Kilele kilipobaki hatua kumi hivi, akainua simu juu ya kichwa, akabonyeza kwa kidole gumba bila kuona.

Ujumbe umetumwa.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Akakaa chini kwenye matope, akatazama nyumbani kwake kule chini. Mama Ashura alikuwa ameokoa vikapu viwili. Uwele mwingine wote ulikuwa unakwenda na maji ya uani, mwekundu kwa udongo, kama shanga zilizokatika uzi.

Na maji ya Tungufu yalikuwa yameshapita Irangwe, yanatembea.

Turudi Sakami.

Sakami ni jua linawaka, mchanga mkavu, mbingu haina wingu. Kibwe mshereheshaji amewasimamisha watu wote, bibi harusi anaingia. Vigelegele! Spika zinatikisa mpaka majani ya migunga. Ndipo simu zikaita. Siyo moja. Simu zaidi ya mia ziliita kwa pamoja. Ziliita kwenye mikoba, kwenye mifuko ya kanzu, kwenye sidiria za mashangazi. Moja iliita mfukoni mwa kijana aliyesimama karibu na Kibwe. Ya Mzee Swalehe iliita chini ya mto wa kiti. Kelele za spika zikazimeza zote. Wenye masikio mia tatu hawakusikia. Ila Hidaya, asiyesikia, kiuno kikamtetemeka.

Akafungua fundo. Akasoma.

"TAHADHARI. Mto Tungufu, Irangwe, maji mita 3.5 na yanapanda. Mlio bondeni hameni sasa. Msisubiri kuona maji."

Hidaya akatazama mbingu. Hakuna wingu. Akatazama mchanga. Mkavu. Akatazama watu, mia tatu, bibi na vitukuu, katikati ya mto.

Akamwendea Mzee Swalehe, akamwonyesha simu. Mzee Swalehe, machozi ya furaha yamemjaa machoni, hakuona hata herufi. Akampigapiga begani, akasema, "Ahsante mwanangu, gauni limependeza sana." Akawaendea mashangazi wa bwana harusi. Wakamsukuma kwa mkono, wakaendelea kucheza. Akamwendea Kibwe. Kibwe akadhani anataka kutajwa jina lake, akampungia, "Baadaye, fundi, baadaye!"

Hidaya alikuwa na cherehani moja na wateja wa kijiji kimoja. Alijua akiiharibu harusi hii na maji yasije, hakuna mtu wa Sakami atakayempelekea hata kifungo. Alijua pia kwamba meseji ikifika, saa imeshaanza kuhesabu.

Akaenda moja kwa moja kwenye jenereta, akalizima.

Kimya. Kimya kile kilianguka kama bati. Bibi harusi amesimama na mguu mmoja hewani. Hidaya akapanda juu ya kiti, akatoa ile sauti yake iliyopinda, sauti aliyoificha miaka yote, akapiga kelele, "Maji! Maji yanakuja! Someni simu!"

Loo, watu walivyowaka!

"Nani kamruhusu huyu?"

"Ana kijicho na harusi ya mwenzake!"

"Maji gani? Mvua iko wapi?"

Wengine walitoa simu, wakasoma. Wakatazama juu. Wakasema, "Hii ni ya masika, imechelewa njiani." Mwingine akasema, "Mashine imekosea. Mvua iko wapi?" Mwingine akasema, "Ngoja tule kwanza, halafu tutahama." Shangazi mmoja akamshusha Hidaya kitini kwa kumvuta kanga. Hakuna aliyehama. Kila mtu akaketi tena, na hakuna hata aliyeinuka kwenye kiti chake, maana aliyesimama angepoteza kiti.

Hidaya akatazama huku na huku. Aliyekuwa karibu naye ni Dossa, amesimama kati ya masufuria yake, mwiko begani. Akamwekea simu machoni.

Dossa akasoma. Akatazama mbingu. Akatazama mchanga. Kisha akatazama masufuria sita ya pilau, yameiva, mifuniko ina makaa juu yake.

"Wasaidizi!" akanguruma. "Nyanyueni!"

"Tunapeleka wapi, mpishi?"

"Juu, uwanja wa shule. Yote sita. Sasa hivi, na atakayemwaga punje moja nitampika yeye!"

Wasaidizi wakapitisha miti, wakanyanyua. Sufuria la kwanza likapanda mteremko, harufu yake nyuma yake. Sufuria la pili. Sufuria la tatu. Dossa, akiwa katikati ya mteremko, akawageukia wageni, akaweka mikono kinywani, akatoa ile sauti ya ng'ombe dume.

"Chakula kinapakuliwa juu! Anayetaka pilau anifuate! Atakayebaki huko atakula mchanga!"

Ndugu zangu, hapo watu waliona ukweli.

Wakasimama vijana. Wakasimama wazee. Wakasimama mashangazi, wamebeba viatu mkononi. Wakasimama wale wa mvua iko wapi. Wakasimama hata wale waliosema mashine imekosea. Wapiga picha wakapanda, waimbaji wakapanda, mbuzi waliofungwa pembeni wakafunguliwa wakapanda. Kibwe alipoona anazungumza na viti, naye akapanda, kipaza sauti kikining'inia. Wa mwisho alikuwa Raihana, mumewe Mbaraka ameshika mkia wa gauni, na Hidaya anawasukuma nyuma kwa mikono miwili.

Mguu wa Hidaya ulipokanyaga nyasi za ukingoni, yeye hakusikia kitu. Wengine walisikia.

Tungufu ulitokea kwenye kona kama ukuta. Ulikuwa wa kahawia, mrefu kuliko mtu, umebeba miti mizima na mizizi yake. Ukachukua mahema. Ukachukua viti. Ukachukua jenereta, ukachukua zile spika mbili, zikaenda zimesimama wima kama mabibi wanaokwenda sokoni. Ukachukua kiatu kimoja cha bwana harusi, kilichokwama mchangani. Jua linawaka, mbingu haina wingu, na mto umejaa ukingo hadi ukingo.

Mama mmoja akaita jina la mwanawe. Mwingine akaita. Kila mtu akaanza kuita, na vilio vikaanza, maana kwenye watu mia tatu nani anajua nani amebaki?

"Nyamazeni!" akasema Dossa. "Pangeni mstari. Kila mtu sahani yake, kila nyumba ihesabu wa kwake."

Wakapanga mstari. Dossa akapakua, kila nyumba ikahesabu. Nyumba ya kwanza, wote. Nyumba ya pili, wote. Walipofika nyumba ya mwisho, nayo ikasema, "Wote." Hapo vigelegele vilivyopigwa, nasikia Irangwe walivisikia! Spika hakuna, basi walipiga mifuniko ya masufuria. Bwana harusi alicheza na kiatu kimoja. Bibi harusi alivua vyake vyote viwili ili mumewe asione haya. Yule shangazi aliyemvuta Hidaya kanga alimshika mikono, akamzungusha, akalia na kucheka kwa pamoja. Wazee wa Sakami husema hakujawa na harusi kama ile, na hakuna aliyesema pilau ilikuwa nzuri. Walisema mengine.

Katikati ya ngoma ile Mzee Swalehe alisimama mbele ya watu. Akasema, "Nina mtamba wangu mmoja, Pambe, mweupe mwenye doa la paji. Mnamjua. Sijawahi kumwazima wala kumtia bei. Mbele ya Mungu na mbele yenu, Pambe ni wa yule aliyetuokoa leo."

Watu wakashangilia. Kisha mmoja akauliza, "Mzee, aliyetuokoa ni nani?"

Hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Baada ya wiki mbili mto ulikauka. Mzee Swalehe akaita mkutano uwanjani pale shuleni. Akamtumia Bi Mwajabu meseji, akaja kutoka Irangwe na mama Ashura wake. Alikuwa hajawahi kuifikia Sakami. Watu walimpokea kwa nyimbo, watoto wakataka kuona kidole kilichobonyeza simu. Hidaya alikuja. Dossa alikuja, na mwiko wake. Pambe akafungwa mtini, anakula majani bila habari.

Mzee Swalehe akasema, "Bi Mwajabu, wewe ni mgeni. Anza."

Bi Mwajabu akasema, "Bila mimi pasingekuwa na meseji. Hidaya angesoma nini? Dossa angebeba masufuria kwenda wapi? Maji mngeyajua yakishawashika shingo."

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Heshima yako, dada, lakini ile ni kazi yako. Serikali inakupa posho."

"Posho ni ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni," akasema Bi Mwajabu. "Saa saba haina posho. Saa saba ilikuwa yangu na uwele wangu. Nilichagua ninyi, ambao sijawahi kuwaona. Uwele ukaenda."

Mama Ashura akadakia, "Mikeka mitano! Mimi shahidi! Mwaka huu mzima anakula kwangu, na anakula sana!"

Watu wakacheka, kisha wakatikisa vichwa. Wakasema, "Mtamba ni wa Bi Mwajabu."

Mzee Swalehe akasema, "Hidaya."

Hidaya akaandika kwenye simu yake, akampa Kibwe. Ndiyo, Kibwe yule yule, naye alikuja. Kibwe akavua miwani yake, akasoma kwa sauti, pole pole.

"Bila mimi meseji ingebaki mifukoni. Meseji ya Bi Mwajabu ilifika kwenye simu zaidi ya mia. Simu zaidi ya mia zilikuwa nayo. Meseji isiyosomwa haimwokoi mtu. Bi Mwajabu alipoteza uwele, nami ninamheshimu. Lakini yeye alishukuriwa hata kabla hajafika. Mimi nilizima muziki wa harusi mbele ya watu mia tatu, nikatukanwa, nikavutwa kanga. Sauti yangu mnayoicheka niliitoa mbele yenu wote. Nani kati yenu angethubutu?"

Kibwe akamaliza kusoma, akaongeza ya kwake, "Mimi nisingethubutu."

Mama mmoja akasema kwa upole, huku akimtazama Hidaya ili asome midomo yake, "Mwanangu, ni kweli. Lakini ulipotuambia, hatukuhama. Ulisema, tukakaa."

Hidaya akajibu kwa kinywa chake, kwa ile sauti iliyopinda, na siku hiyo hakucheka mtu. "Kutosikia kwenu ni kosa langu?"

Watu wakainama. Wakasema, "Mtamba ni wa Hidaya."

Mzee Swalehe akasema, "Dossa."

Dossa akasimama, akakohoa, akatazama mwiko wake.

"Bila mimi," akasema, "meseji ingetumwa, ingesomwa, ingepigiwa kelele, na ninyi wote mngekwenda na maji mkiwa mmekalia viti vyenu. Bi Mwajabu aliijua hatari. Hidaya aliisema. Niambieni, mliinuka kwa sababu ya nani? Mlifuata meseji, au mlifuata pilau?"

Kicheko kikapasuka. Hata Bi Mwajabu alicheka. Mzee mmoja akasema, "Kwa kweli mimi nilifuata nyama."

"Basi," akasema Dossa. "Watu mia tatu walitembea kwa miguu yao, na miguu hiyo niliinyanyua mimi."

Hapo Hidaya akaandika kitu kifupi, akampa Kibwe. Kibwe akasoma, "Dossa, ulipoisoma meseji, uliamini?"

Dossa, mtu mkubwa yule, akajikuna shingo. Angeweza kudanganya. Hakuna aliyekuwa ndani ya kichwa chake.

"Sikuamini," akasema. "Nusu, labda. Nilisema moyoni, maji yakija watu watakimbia, watu wana miguu. Pilau haina miguu. Nilichookoa mimi ni pilau. Lakini nilipofika katikati ya mteremko nikageuka nikawaona bado mmekaa, watoto na wazee. Hapo ndipo nilipowaita. Na sijui hata sasa kama niliwaita kwa sababu ya maji, au kwa sababu pilau bila walaji ni msiba."

Bibi mmoja akasema, "Angalau kasema kweli." Na mwingine akasema, "Kweli au si kweli, mimi niko hai." Na watu wakasema, wengine kwa sauti, wengine kwa minong'ono, "Mtamba ni wa Dossa."

Mzee Swalehe akashika kamba ya Pambe. Akaenda hatua moja kwa Bi Mwajabu, akasimama. Akageuka hatua moja kwa Hidaya, akasimama. Akageuka hatua moja kwa Dossa, akasimama. Mtu akashauri Pambe achinjwe agawanywe. Mzee Swalehe akakataa, na wale watatu wakakataa kabla yake. Mtu akashauri auzwe. Mzee akasema, "Nilitaja ng'ombe mmoja na mtu mmoja. Neno nililotoa juu ya maji yale silirudishi."

Alasiri ikaingia. Dossa akapika. Walikula pamoja, wote watatu sahani moja. Mama Ashura akaondoka na debe la uwele lililochangwa na Sakami yote, amelibeba kichwani huku akiimba. Na mtamba akabaki kwa Mzee Swalehe, amefungwa, ananenepa, anamngoja mwenyewe.

Mpaka leo watu wa Irangwe hutuma meseji Sakami: "Mleteni ng'ombe wetu." Mafundi cherehani wa wilaya nzima hujibu: "Ni wa fundi." Na wapishi nao hawalali.

Mimi nimesema nilichokijua, kamba naiacha mikononi mwenu. Mmoja alipoteza mavuno yake kwa ajili ya watu asiowajua. Mmoja alihatarisha jina lake mbele ya watu waliomjua. Mmoja hakuamini, hakukusudia, na ndiye aliyewatoa mtoni kwa miguu yao.

Je, nani alistahili?